Nia wa Kenya Yuko Ng'ambo, Reli Yake Iko Changamwe

Wahenga waliponena kuwa penye nia pana njia hawakuwa na habari ya reli. Hata hivyo, mwaka 2018 methali yao ilipata maana mpya ambayo wengi wetu hatukuitambua. Mwaka huo ilitoka filamu ya Thomas, yule injini mdogo wa rangi ya samawati anayependwa na watoto katika pembe nyingi za dunia, na ndani yake akaingia mhusika mgeni: injini wa rangi ya machungwa, mwenye mapambo ya Kiafrika ubavuni, mzaliwa wa Kenya. Jina lake ni Nia. Baada ya safari ndefu akafuatana na Thomas hadi kisiwa cha Sodor, akapewa makao huko, na tangu hapo akawa mmoja wa wenyeji.

Watoto wa Changamwe, Kisauni na Likoni waliobahatika kuwa na televisheni nyumbani, au mzazi asiyewanyima simu, wanamfahamu Nia. Wanamfahamu kwa Kiingereza. Wanajua anapolala, anawapenda akina nani na anaogopa nini. Wasichokijua ni kwamba jamaa za injini huyo walikuwa wakifanya kazi katika reli hii hii inayopita Changamwe, na kwamba jina lake ni neno ambalo nyanya zao hulitumia kila siku. Hoja yangu leo ni hiyo. Tunazo reli, tunazo injini kongwe, na tunayo lugha. Tulichokikosa ni siku moja ya kuvikutanisha vitu hivyo vitatu mbele ya macho ya watoto.

Hebu kwanza tuwatazame wenzetu. Hadithi za Thomas hazikuanzia kiwandani wala katika ofisi ya wafanyabiashara. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kasisi mmoja Mwingereza, Wilbert Awdry, alikuwa akimliwaza mwanawe Christopher aliyekuwa akiugua surua. Akawa anamtungia hadithi za injini zinazosema, zinazonuna, zinazojivuna na kutiwa adabu. Kitabu cha kwanza kilichapishwa mwaka 1945, na Thomas mwenyewe akajitokeza katika kitabu cha pili, mwaka 1946. Mwaka 1984 hadithi hizo zikaingia kwenye televisheni, na kuanzia hapo hazikuzuilika tena.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni lile lililofuata. Waingereza walipokuwa wakiziondoa injini za mvuke katika kazi za kawaida, wapo raia waliokataa kuziona zikikatwa na kuyeyushwa. Mwaka 1951, huko Wales, reli ndogo ya Talyllyn ikawa ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wanaojitolea, na kasisi Awdry alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1971 Awdry alimpa rasmi jina la Thomas injini mmoja mdogo wa reli nyingine ya urithi iitwayo Nene Valley, aliyeundwa mwaka 1947 kwa kazi za kiwandani. Ndipo hadithi ilipovuka kutoka kwenye karatasi ikakanyaga chuma.

Siku hizi reli nyingi za urithi, Uingereza na Marekani, huwa na siku maalumu za watoto. Injini hubandikwa uso mkubwa wenye macho yanayozunguka. Familia hukata tikiti, hupanda mabehewa ya kale, huenda maili chache na kurudi. Stesheni huwa na msimulizi wa hadithi, chakula, michezo, na bwana mmoja mnene mwenye kofia ndefu anayejifanya mkuu wa reli. Mtu mzima asiye na mtoto anaweza kuliona jambo hilo kuwa upuuzi mtupu. Asilolijua ni kwamba fedha za siku hizo chache ndizo aghalabu zinazoziweka hai reli zile kwa mwaka mzima. Tangi la mvuke si kitu cha mchezo. Kule Uingereza kila baada ya miaka kumi au karibu na hapo hulazimu kufunguliwa, kukaguliwa na kutengenezwa upya, kazi ambayo gharama yake ni kubwa mno. Mtoto wa miaka minne anayeshangilia uso wa plastiki ndiye, bila kujua, anayelipia misumari na mabomba ya injini ya babu yake.

Sasa turejee kwetu. Nani mwenye haki ya kujivunia garimoshi kuliko mtu wa Mombasa? Reli ya kwanza ya njia ya Uganda ililazwa hapa tarehe 30 Mei 1896. Kutoka kisiwani ikavuka maji ya Makupa, ikapita Changamwe na kupanda Mazeras, ikafika Nairobi mwaka 1899 wakati Nairobi ilikuwa kinamasi, na mwezi wa Desemba mwaka 1901 ikagusa Ziwa Viktoria, mahali ambapo leo ni Kisumu. Kabla ya Kenya kuwa na jina la Kenya, Changamwe tayari ilikuwa na reli.

Wajuzi wa mambo ya reli wanaeleza kuwa umbo la Nia limeigwa kutoka kwa injini za daraja lililoitwa ED1, ambazo kiwanda cha Vulcan Foundry cha Uingereza kilianza kuiundia Reli ya Kenya na Uganda mwaka 1926. Zilikuwa injini ndogo, zenye kubeba maji yake na kuni au makaa yake zenyewe pasipo gari la nyuma, na kazi ya injini za aina hiyo kwa kawaida ni kupanga mabehewa, kusukuma na kuvuta, kuziandalia mizigo injini kubwa za safari ndefu. Kwa hiyo huyu Nia si ndoto iliyobuniwa na mchoraji. Ana ukoo, na ukoo wake ni wa huku.

Injini kubwa nazo zilikuwa na fahari yao. Daraja la 59, lililoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, lilikuwa na injini 34, kila moja ikiwa na uzito unaopita tani 250. Hapakuwa na injini za mvuke zilizozishinda kwa nguvu duniani kote katika reli yenye upana wa mita moja. Ziliundwa hasa kwa ajili ya mlima huu wetu, maana treni inayotoka Mombasa huanzia usawa wa bahari na kupanda zaidi ya mita 1,600 kabla ya kuingia Nairobi. Kati ya injini hizo 34 zimesalia mbili tu, na zote mbili ziko katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Nyingine zilikwenda njia ya vyuma chakavu.

Hapa mwanaisimu anaomba ruhusa ya kusema machache kuhusu kazi yake, kwa kuwa injini hizi zilipewa majina. Zile mbili zilizobaki zinaitwa kwa majina ya milima ya Tanzania: Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena, kilele cha milima ya Upare. Madaraka mengine yaliitwa kwa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Katika jumba hilo hilo mko Nyaturu, jina la watu wa Singida, na Bavuma, jina la watu wa visiwa vya Buvuma nchini Uganda. Mwenye jicho la lugha ataona mara moja jinsi waliotoa majina hayo walivyoyachukua ovyo: Bavuma ameachiwa kiambishi chake cha wingi, hali Nyaturu amevuliwa. Pamoja na dosari hiyo, mtoto aliyekaa kando ya reli miaka ya 1960 aliweza kujifunza jiografia ya Afrika Mashariki kwa kusoma tu ubavu wa injini zinazopita.

Mwaka mmoja wakati wa likizo niliwapeleka wanangu wawili kuziona. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alisimama mbele ya Nyaturu akauliza, "Baba, huyu anaitwa nani?" Kaka yake, ambaye tayari alikuwa amefundishwa ngeli shuleni, akamkosoa papo hapo: "Husemi huyu. Injini ni hii." Binti akaonyesha kibao cha jina na kumjibu, "Ana jina. Basi ni huyu."

Nimefundisha sarufi kwa miaka mingi, lakini sijapata kusikia kanuni ya upatanisho wa kisarufi ikielezwa kwa ufupi namna hiyo. Katika Kiswahili neno nia limo katika ngeli ya I-ZI, nasi husema nia yangu ni njema. Likishakuwa jina la kiumbe anayesema na kutenda, tunasema Nia amefika, Nia amechoka. Ndivyo tulivyowafanyia sungura na fisi wa ngano zetu tangu zamani, na ndivyo tunavyoweza kukifanyia hata chungu au jiwe hadithi ikitaka. Waingereza, ili kumpa injini uhai, walihitaji rangi, plastiki na macho yenye kuzunguka. Sisi kiambishi kimoja chatosha. Lugha yetu ina uso wa Thomas ndani yake tayari, na haulipiwi hata senti.

Tena yapo maneno ya reli yenyewe. Neno gari tumelipata kutoka lugha za Bara Hindi, na moshi ni Kibantu halisi. Gari la moshi basi ni ndoa ya watu wawili waliokutana kazini. Reli, stesheni na tikiti zimetoka kwa Mwingereza. Taruma, lile gogo au chuma kinacholazwa chini ya reli, lilikuwa neno la mabaharia wetu, lenye maana ya mbao za kuimarisha chombo. Behewa, kabla ya kuvutwa na injini, lilikuwa sehemu ya ndani ya nyumba kubwa ya mawe. Mswahili wa Mombasa alipouona mzigo huu wa chuma ukiingia mjini, hakukaa kimya akasubiri kupewa msamiati. Aliingia katika jahazi lake na katika nyumba yake, akachukua maneno, akaipa reli. Historia nzima ya waliojenga na walioipokea reli imo katika maneno hayo machache. Lakini waulize watoto wa leo maana ya taruma, hata wale wanaoyaruka kila siku wakienda shuleni, uone kama hawatakutazama kwa mshangao. Neno hufa pale kitu kinapoacha kutajwa mbele ya mtoto, hata kama kitu chenyewe kingalipo.

Kuna watakaosema kuwa reli hii ni kumbukumbu ya ukoloni na damu, na kwamba si haki kuigeuza mchezo wa watoto. Siwadharau hata kidogo. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Waafrika waliopoteza ardhi na uhai kando ya njia hiyo ni sehemu ya hadithi hiyo hiyo. Lakini kuficha si kuheshimu. Ngano zetu hazikuwahi kuwaficha watoto vifo, njaa wala dhuluma. Zimwi la hadithi hula watu kweli kweli, na mtoto hulala akiwa amejifunza jambo. Chukua mfano wa simba wawili wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898. Leo simba hao wako Chicago, katika jumba la makumbusho la Field lililowanunua mwaka 1924, na watoto wa Marekani hupelekwa na wazazi wao kuwatazama na kusimuliwa habari zao. Nia yuko Sodor, simba wako Chicago, na mtoto wa Miritini anayelala akisikia honi ya treni hana wa kumsimulia. Kama hadithi hii ni nzito, basi ni yetu kuibeba kwanza.

Wengine watauliza habari ya fedha, na swali lao ni la haki. Familia zetu hazikosi hamu ya kutembea. Siku za Idi watoto hufurika Makadara kwenye bembea. Jumapili jioni Mama Ngina hujaa watu wanaotafuna mihogo na kutazama meli zikiingia, na kwa mtoto wa bara ya kaskazini kuvuka Likoni kwa feri ni safari kamili. Kinachozizuia familia hizo kuipanda treni ni gharama na masafa. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Baba mwenye watoto wanne, anayelipwa kwa siku bandarini, hawezi kuifanya safari hiyo kuwa matembezi ya likizo. Ndiyo maana ninasema juu ya safari fupi, ya nusu saa au saa moja, kwa nauli isiyozidi sana ile ya matatu, katika reli ile ya zamani yenye upana wa mita moja.

Wala sidai kwamba Jumapili ijayo injini ya tani 250 iwashwe na kuteremshwa kutoka Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya injini za makumbusho zilifufuliwa zikavuta treni maalumu za wageni na wapenzi wa reli, kwa hiyo jambo hili si muujiza. Lakini lahitaji mafundi, maji, mafuta na miaka ya maandalizi. Mwanzo uwe mdogo. Tangu mwaka 2017 abiria wa Nairobi wanapandia Miritini, na stesheni kongwe ya mjini, iliyokuwa mlango wa nchi nzima, ikapoteza zile treni zake za usiku. Kuna ubaya gani mabehewa machache yakavutwa na injini ya dizeli siku moja katika kila likizo ya shule, kutoka stesheni hiyo, kupitia Makupa na Changamwe hadi Mazeras na kurudi? Njiani asimame mzee aliyefanya kazi ya reli awaeleze watoto jinsi moto ulivyochochewa. Asimame mwalimu awafundishe taruma ni nini na behewa lilikuwa nini. Asimame msimulizi mwenye kipaji, nasi hatuna uhaba wao, aanze, "Paukwa!" na behewa zima lijibu, "Pakawa!"

Tahadhari yangu ni moja. Tusikimbilie kununua ruhusa ya kubandika uso wa Thomas kwenye injini zetu. Thomas ni mali ya wenyewe, na wenyewe wana haki ya kulipwa. Fauka ya hayo, hatumhitaji. Shule za msingi za Changamwe, Kisauni na Likoni zishindanishwe kuandika hadithi za injini kwa Kiswahili. Nyaturu aliyechoka akapumzika Voi, Shengena aliyejivuna mlimani akateleza, au injini mdogo wa kupanga mabehewa ambaye siku moja aliachiwa treni ya abiria. Hadithi bora zichapishwe katika kijitabu cha bei nafuu na kuuzwa ndani ya treni yenyewe. Kwa njia hiyo mtoto atasoma, atapanda, atasikia, na atakaporudi nyumbani atasimulia. Kasisi Awdry hakuwa na mtaji zaidi ya huo: mtoto mgonjwa, mzazi mwenye subira, na lugha ya nyumbani.

Shirika la Reli linayo njia, makumbusho yanazo injini, serikali ya kaunti inao wajibu wa utamaduni na utalii, na vyuo vyetu vikuu vinao wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mahali pa kuifanyia kazi elimu yao. Kila mmoja wa hao anaweza kungoja mwenziwe aanze, kama ilivyo desturi yetu, mpaka wazee waliozijua injini hizo kwa majina watakapokwisha, na vyuma vilivyobaki vichongeke kwa kutu. Au mmoja wao anaweza kuandika barua moja wiki hii.

Wazazi nao wasingoje barua hiyo. Mtoto wako atakapomtaja Nia, mwambie maana ya jina lake. Kisha mshike mkono, mwende mpaka penye reli ya zamani, msimame mbali kwa usalama, na umwonyeshe kwa kidole: lile ni taruma, ile ni reli, na njia hii ndiyo waliyopita jamaa zake Nia.